Sikuugua Koo

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula mapeasi mabichi ya kuchemsha. Mtu wa rika langu wa huku milimani ukimwambia hivyo hakuulizi tena ni mwaka gani, anashika tumbo tu. Masika yalichungulia yakaondoka. Mahindi yakabeba vibunzi vyenye mapengo kama kinywa changu cha sasa, na unga uliopatikana ulikuwa ule wa njano wa foleni, unaonuka gunia, ambao hata uusonge namna gani haushikani. Peasi kwetu lilikuwa tunda la kuuza barabarani kwa abiria wanaoteremka Mombo. Mwaka ule hatukungoja liive. Tulilichuma likiwa gumu kama jiwe la mtoni, tukalichemsha kwa chumvi, tukalila na mnavu. Jioni tulisonga bada, ule ugali wa muhogo mkavu, na asiyeshiba akanywa maji juu yake. Watoto walijifunza kutouliza leo tunakula nini. Waliangalia chungu, wakajua.

Naanza na chakula kwa makusudi, maana naona watu wameisahau njaa ile wakabaki na nyimbo. Juzi tumemzika Mwalimu Yoeli, aliyekuwa mwalimu wa kwaya yetu ya vijana enzi hizo. Nilikwenda na kitenge kipya nikakaa kiti cha mbele. Hakuna aliyenikaribisha pale, nilikwenda nikakaa, kwa sababu mimi ni bibi wa wajukuu wenye kazi zao, mmoja nesi Korogwe, mwingine fundi umeme Tanga, na nyuma siketi. Vijana walikuwa wameinua simu juu kama watu wanaotafuta njia gizani, wanaurusha msiba huko wanakourusha. Jeneza linashushwa, mmoja akamwambia mjane, "Mama, sogea kidogo, unaziba." Nimesikia kwa masikio yangu haya. Mjane akasogea! Kaburi la mumewe, na yeye anaziba. Nilitaka kuinuka na fimbo, mjukuu wangu akanishika mkono.

Halafu katibu wa kwaya wa sasa, kijana nadhifu mwenye tai nyekundu, akasimama kusoma historia ya marehemu. Akafika kwenye kanda yetu ya kwanza, ile iliyopigwa redioni mpaka watu wa Rangwi, Wakatoliki wale, wakawa wanaimba nyimbo zetu shambani. Akasema, "Sauti ya kuongoza ilikuwa iwe ya bibi yetu Loisi, tunaye hapa mbele. Kwa bahati mbaya siku ya kurekodi bibi aliugua koo." Watu wakaguna kwa huruma. Mama mmoja nyuma yangu akanipapasa bega. "Pole, bibi." Pole ya nini? Koo langu halijaugua tangu nizaliwe. Nimefukuza kima kwenye mahindi nikiwa upande huu wa bonde, wakakimbia walioko upande ule. Baada ya maziko nilimwita yule kijana. Akaja mbio, "Shikamoo bibi," akainama vizuri kabisa. Nikamwuliza habari ya koo aliitoa wapi. "Ndivyo tulivyoelezwa, bibi." Na nani? "Na marehemu mwenyewe, bibi." Basi. Marehemu ameeleza, amelala. Mimi sijalala. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na mkono wangu unaandika kama kuku anavyoparua, lakini nitaeleza na mimi.

Habari za wazazi wangu na ukoo wetu siziandiki, hazihusiki. Mwaka ule sikuwa nalala nyumbani hata hivyo. Nilikuwa nalala kwa Bibi Hana. Ilikuwa desturi yetu kwamba msichana akishapata kipaimara anapewa mjane mmoja wa kumlalia, yaani unahamia kwake, unamchotea maji, unamkatia kuni, na asubuhi unaangalia kama ameamka. Umoja wa vijana wa usharika ulianzishwa kwa kazi hiyo. Kuimba kulikuja baadaye, tukiwa njiani na ndoo, kwa sababu mtu akipanda mlima na ndoo bila wimbo anahesabu shida zake. Hapo ndipo kwaya ilipozaliwa, kwenye maji ya wajane. Hilo katibu hakulisoma.

Nyumba ya Bibi Hana ilikuwa na chumba kimoja kikubwa na kingine kama sanduku. Tuliishi kwenye kile kikubwa kwa sababu ya moto. Baridi ya kwetu wanaijua wanaoijua. Ukuta wa upande wa mafiga ulikuwa mweusi unang'aa kama ngozi ya mtu aliyepaka mafuta, na juu ya mafiga palikuwa na uchaga, na juu ya uchaga kibuyu kikubwa kilichozibwa kwa samadi ya ng'ombe. Ndani ya kibuyu mlikuwa na maharage ya mbegu, yamechanganywa na majivu wadudu wasiingie. Maharage yenyewe meupe, mafupi, yana doa jekundu karibu na jicho. Aliyapata kwa mama yake, na mama yake alikuja nayo alipoolewa. Mtaa mzima hapakuwa na mwingine aliyekuwa nayo. Kile kibuyu hakikuguswa. Tulichemsha mapeasi chini yake, moshi wa mapeasi ukapanda ukakizunguka, na hakuna aliyekitazama. Mtu anayelima anaelewa. Anayenunua chakula dukani, naye asome hivi hivi.

Jioni nilikuwa namsomea Biblia yake ya herufi kubwa. Nilisoma polepole, nikikwama kwenye yale majina marefu, naye anachambua mnavu. "Ruka majina," anasema, "nenda kwenye watu." Nikifika penye mtu mwenye njaa au mwenye ukoma, anaacha mnavu. "Hapo. Rudia hapo." Akishasikia anasimama, anachukua bakuli, anagawa kile kidogo tulichonacho, anapeleka ng'ambo ya ua kwa jirani yetu Bi Mwanahawa, aliyekuwa Mwislamu mwenye wajukuu wengi na mdomo mkali. Nilikuwa nakasirika. Namwuliza, "Bibi, na sisi?" Ananijibu, "Na sisi tumesoma." Ndiyo ilikuwa dini yake, hakuwa na nyingine. Hakuwahi kunihubiria, na mimi nikajifunza lile lile nililokuwa naliogopa, kwamba ukishasoma huna ruhusa ya kukaa bure.

Sasa kwaya. Mwalimu Yoeli alikuwa na kipaji, siwezi kumwibia marehemu kilicho chake. Alikuwa na uma wa kupigia sauti, anaugonga kwenye goti, anausikiliza, anafumba macho. Alitukuta tunaimba na ndoo, akatufanya tukaimba kama malaika. Ila alipopata habari kwamba watu wa redio watapanda huku juu kurekodi kwaya za vijijini, alibadilika. Mazoezi yakawa kila siku, asubuhi na alasiri. Ndoo zikakaa. Wajane wakaanza kujichotea. Mzee mmoja kiwete wa bondeni alikaa na kiu mpaka watoto wa madrasa wakampelekea maji. Nilimwambia Mwalimu mbele ya wenzangu, "Mwalimu, mzee kakaa bila maji." Akanijibu kwa upole, yeye ukali hakuwa nao, upole ndio uliokuwa unaniua. "Loisi, binti yangu, tukisikika redioni watakaoguswa ni maelfu. Utalinganisha na ndoo moja?" Wenzangu wakatikisa vichwa, naam, maelfu. Leo mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile, na bado namjibu nikiwa peke yangu jikoni. Maelfu gani? Wana majina? Yule mzee alikuwa na jina, na alikuwa na kiu.

Na nisijifanye nilikuwa mtakatifu nimekaa pembeni. Nilitaka kwenda redioni. Nilitaka vibaya sana. Mlezi wa kwaya alikuwa Bwana Shemtoi, mwenye lori la kupeleka kabeji na karoti Dar es Salaam, na lori lile likirudi linarudi na mambo. Alituletea kitambaa cha sare, chepesi, kinang'aa rangi ya mahindi mabichi, ukikigusa kinateleza kama samaki. Alituletea raba nyeupe. Sisi tuliokuwa tunaenda kanisani miguu mitupu, tunainawa mlangoni! Nilipoivaa ile sare mara ya kwanza kwa fundi, Tabea, msichana aliyeimba karibu yangu, alisema, "Loisi, ukisimama hivyo hata Mchungaji atasahau mahubiri." Tulicheka mpaka fundi akatufukuza. Mwalimu alikuwa amenipa mstari wa kuanza peke yangu, kabla ya sauti nyingine kuingia. Nilikuwa naufanyia mazoezi kisimani, na wanawake wanaacha kuchota. Najua nilikuwa na sauti gani. Simwombi mtu aniambie.

Ndipo ikaja Sikukuu ya Mavuno. Mavuno ya nini, utauliza, na mimi nilijiuliza. Lakini sikukuu ni sikukuu, na kwetu hakuna anayekwenda madhabahuni siku ile mikono mitupu. Ibada ikiisha, vilivyotolewa vinapelekwa nje uwanjani vinanadiwa, na fedha inaingia kanisani. Mnadishaji alikuwa mzee wa kanisa mmoja mcheshi, anamwinua jogoo miguu juu: "Jogoo huyu Mlutheri kamili! Jumapili hawiki mpaka mchungaji amalize! Nani anamtaka?" Watu wanacheka, wanapandishiana. Kulikuwa na desturi moja ndani ya mnada ule, isiyosemwa na mtu, kila mmoja anaijua. Kapu la mjane likinadiwa, anayelinunua analirudisha kwa mjane mwenyewe. Kanisa limepata fedha, mjane ametoa sadaka yake kwa heshima kama wengine, na jioni anakula. Hakuna anayetangaza. Unanunua, unapita kwake, unaliweka mlangoni, unaenda zako. Ndivyo tulivyokuwa, kabla ya kupata akili nyingi.

Siku ile Bibi Hana alibeba kapu lake kichwani, limefunikwa kwa kanga, akapanda nalo mpaka madhabahuni. Mimi nilikuwa kwaya, sikujua lina nini. Lilipofika mnadani, mzee akalifunua. Maharage. Uwanja mzima ukafanya "eeh!", kwa sababu maharage mwaka ule yalikuwa kama dhahabu. Watu wakaanza kutaja bei, mmoja wao mjomba wangu, nami nikajua mjomba akilipata litarudi. Bwana Shemtoi akainua mkono, akataja bei iliyofunga midomo. Akasema kwa sauti, "Linakwenda jikoni kwa kwaya! Wageni wa redio wakija wasije wakasema Washambaa tumewalisha majani!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwalimu Yoeli akapiga makofi. Bibi Hana alikuwa amesimama karibu na mti wa mwati, naye akapiga, na mimi nilimwona. Mikono ilikuwa inakutana lakini haikutoa sauti.

Nilifika nyumbani nimemtangulia. Nikatazama juu ya uchaga, kibuyu kimelala, kinywa wazi, na majivu yamemwagika chini mpaka kwenye mafiga. Alipoingia nilikuwa bado nimesimama pale na raba zangu nyeupe juu ya majivu. "Bibi, mbegu?" Akafungua kanga, akaikunja, akaiweka. "Sikuwa na kingine," akasema. "Nikasema litarudi. Huwa linarudi." Halafu akainama kuchochea moto kama kawaida. Bi Mwanahawa akaita kutoka ng'ambo ya ua, "Mama Hana! Kapu limefika?" "Bado, jirani." "Bado nini? Si huwa linafika kabla ugali haujapoa?" "Limekwenda kwa wageni," Bibi Hana akasema. Bi Mwanahawa akaja mpaka kwenye ua, mwiko mkononi. Kisha akasema, "Nyie watu wa kanisa, mwaka huu mmeshiba nini?"

Nilitaka kwenda kwa Shemtoi saa ile ile. Bibi Hana akanishika mkono. "Kilichokwenda kwa Bwana kimekwenda." Nikamwambia, "Hakijaenda kwa Bwana, kimekwenda kwa Shemtoi!" Akaniambia, "Usimtukane mtu kwa ajili ya maharage yangu." Na jioni ile, kwenye maombi, mnajua alimwombea nani? Alimwombea Shemtoi. Aliliombea lori lake lisianguke kwenye kona za Soni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake, meno yameumana. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukaa juu ya msitu wa Magamba na kila mtu alikuwa anatengeneza matuta. Bibi Hana alikuwa na shamba limelimwa, limekaa tayari, na hakuwa na punje ya kutia ndani yake. Mjane asiyepanda vuli anakuwa mwombaji ifikapo masika. Aliyepeleka bakuli ng'ambo ya ua kwa mwaka mzima angesimama mlangoni kwa watu na bakuli tupu. Hayo yote yalikuwa ndani ya kapu lile, na kwaya yangu ilikuwa imelipigia makofi.

Wageni wa redio walifika juma lile lile, asubuhi, na gari lenye tope mpaka madirishani, mashine yao imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Tulivaa sare. Mwalimu akatupanga mbele ya madhabahu, mafundi wakaanza kuburuta nyaya. Wakati wanahangaika nazo nikatoka kwenda kunywa maji jikoni, kibanda cha mabati nyuma ya kanisa. Mama Tabea, mama yake yule mwenzangu, alikuwa mpishi mkuu. Alikuwa ameshaloweka maharage kwenye sufuria kubwa, na lile kapu ameliinua, limebaki karibu nusu, anataka kulimimina nalo. Niliona doa jekundu. Nililiona ndani ya maji, maharage yamevimba, yamepasuka ngozi. Sikupanga kitu. Nasema hivi kwa sababu baadaye walisema nilipanga. Nilivuta kapu kutoka mikononi mwake, nikaliweka kwenye kona, nikalifunika kwa mfuniko wa mbao wa sufuria, nikakaa juu. Na sare yangu ya kung'aa.

"We Loisi, una wazimu?" Mama Tabea akasema. "Inuka, maji yanachemka." Sikuinuka. Wanawake wa jikoni wakakusanyika. Mmoja akasema, "Jamani, Loisi kawa kuku, anaatamia!" Mwingine, "Muache, ataangua vifaranga vya maharage, tutakula sote!" Wakacheka wakashikana. Nikawaambia haya ni mbegu ya Bibi Hana. Kicheko kikakatika mara moja, kama mtu kakikanyaga. Walikuwa wakulima wale. Mama Tabea akatazama sufuria yake, akafunika mdomo kwa kanga. "Mimi niliambiwa ya chakula," akasema, "wallahi," yeye Mlutheri wa kuzaliwa.

Mwalimu Yoeli akaja ananitafuta, uma wake mkononi. "Loisi, wako tayari. Njoo." Nikamwambia, "Kapu la Bibi Hana lirudi kwake. Lisiporudi, siimbi." Akacheka kidogo, akadhani mzaha. Halafu akaona siinuki. "Binti yangu, usiniharibie siku hii. Nimeingoja maisha yangu yote." Na ni kweli alikuwa ameingoja, macho yake yalikuwa yameshaanza kulowa, na mimi nilikuwa nampenda yule mwalimu, ndiye aliyenionyesha kwamba nina kitu kifuani. "Tutawalisha nini wageni?" Nikasema tunachokula sisi. "Mapeasi? Loisi, mapeasi?" Alilitamka kama tusi. Akaenda kumwita Bwana Shemtoi. Shemtoi akajaza mlango, mtu mnene, koti la kitambaa kizuri. "Shikamoo, Bwana Shemtoi." Hakuitika. Akaniambia atamnunulia Bibi Hana gunia la unga, la kwake mwenyewe, kutoka Dar, kesho kutwa. Nikamwambia unga haupandwi. Akasema mimi ni msichana mjeuri na kwamba yeye amelipa, mbele ya watu, kwa haki. Alikuwa amelipa kweli, hilo ndilo lililomfanya awe na nguvu. Kulipa alilipa. Desturi hailipiwi. "Unajua ni wasichana wangapi wanataka kukaa mahali pako?" Nikajibu waende basi, pako wazi.

Nitasema hapa yaliyofuata, kabla ya kumalizia, ili yule katibu asije akasema sikuyaeleza. Kanda ilirekodiwa alasiri ile bila mimi. Mstari wangu aliuimba Tabea, akauimba vizuri, na ndiye mnayemsikia. Wageni walikula bada na mnavu, pamoja na yale maharage yaliyokuwa yameshalowa, yasiyoweza tena kupandwa. Walipoulizwa, walisema wamekula vizuri, hawakujua kuna vita. Nusu iliyokuwa chini yangu ilirudi jioni, imebebwa kichwani na Mchungaji mwenyewe, akaiweka mlangoni akaenda zake bila neno, na kwa hilo nilimheshimu mpaka alipokufa. Baraza la wazee wa kanisa likaniondoa kwaya kwa utovu wa nidhamu. Mwalimu akaona aibu kusema hivyo kwa watu wa sharika nyingine, akasema koo. Akasema koo mwaka ule, na uliofuata, mpaka akazeeka nalo. Sikuwahi tena kuimba na kwaya yoyote. Nimeimba shambani, na kwa watoto wangu, na kwa wagonjwa. Na Bibi Hana akapanda ile nusu, ikaota, akavuna, na Sikukuu ya Mavuno iliyofuata akabeba kapu jingine la maharage yale yale madhabahuni. Yale yale! Nilimnunia, sikuongea naye mpaka alipougua kikohozi nikalazimika kumwuliza kama anataka maji ya moto. Akanijibu, "Hongea, mwanangu," yaani asante kwa Kishambaa, akanywa, akalala. Mtu kama yule unamfanya nini?

Lakini wanaokumbuka mkasa huu, wachache waliobaki, wakiusimulia wanaishia kwa Shemtoi. Wanapenda kusimulia jinsi binti maskini alivyomjibu tajiri. Hiyo ilikuwa rahisi. Kumjibu mtu unayemchukia hata mbuzi anaweza. Hawasimulii kilichokuja baada yake, kwa sababu waliokuwa jikoni walikitazama wakainamisha vichwa.

Shemtoi akatoka. Nikasikia kwaya inapasha sauti ndani bila mimi, wanashika ule mstari wanauacha, wanashika wanauacha, wanangoja mtu wa kuuanza. Mwili wangu ulikuwa unauanza wenyewe. Koo langu lilikuwa limefunguka pale, zima, lenye afya, linataka. Ndipo Mchungaji akaingia, na nyuma yake, ameshikiliwa kiwiko kama bibi harusi, Bibi Hana. Walikuwa wamemfuata shambani. Miguu yake ilikuwa na udongo wa matuta yake mpaka kwenye vifundo. Wanawake wakampisha.

"Shikamoo, Mchungaji," nikasema. Sikusimama.

"Marahaba." Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi, na sauti yake haikupanda. "Loisi, sikuja kukugombeza. Nimekuletea mwenye mali. Msikilize yeye."

Bibi Hana akaja mpaka mbele yangu. Akatazama sare yangu, akaigusa begani kwa kidole kimoja, akaacha alama ya udongo, akajaribu kuifuta ikazidi. "Umependeza, mwanangu," akasema. "Inuka uimbe."

Nikamwambia, "Bibi, mvua inakuja."

"Naiona."

"Utapanda nini?"

"Mungu anajua. Nimeshatoa. Nimeshasamehe. Wewe usikose kwa ajili yangu, nitalala vipi nikijua nimekukosesha?" Akanishika mikono yote miwili, mikono yake migumu yenye mipasuko, akanivuta taratibu, kama anavyomvuta mtu anayeamka. "Nakuomba mimi. Si Mchungaji, si Mwalimu. Mimi. Sauti yako isikike huko, nami nitaisikia nikiwa hapa mlimani, nitafurahi. Inuka."

Hakuna aliyekuwa anacheka sasa. Mama Tabea alikuwa analia kimya kimya, na sufuria yake inachemka. Ningeweza kuinuka. Kila mtu alikuwa amenipa ruhusa, mwenye mali na mchungaji wake, na ndani ya kanisa mstari wangu ulikuwa unaningoja. Nilimpenda yule mwanamke kuliko nilivyojua kumpenda mtu, na nilimkasirikia pale kwa kiasi hicho hicho, kwamba angetoa hata hiki, angetoa mpaka asiwe na kitu na bado angeomba radhi. Kuna mtu alitakiwa amkatalie. Mikono yake ilikuwa bado inanivuta. Nikajikaza juu ya lile kapu, nikamtazama machoni yeye mwenyewe, nikamwambia kwa heshima yote niliyofundishwa:

"Kapu la Bibi Hana lirudi kwake. Lisiporudi, siimbi."